Jini wa Makindu

Kwa nini mtu achome kwa mikono yake mwenyewe kitu anachojua hakina kosa?

Nilijiuliza swali hilo nikiwa darasa la tatu, nimesimama uani kwetu na pakiti ya chumvi mkononi, na sikupata jibu. Nililibeba mpaka chuo kikuu, ambako nilifundishwa majibu ya maswali mengi ambayo sikuwa nimeuliza, na hilo halikuwamo. Kisha likanyamaza kidogo, mpaka juzi jirani yangu alipochoma kabati bovu nyuma ya nyumba. Moto ulipofika kwenye vanishi ukatoa ile harufu tamu ya kichefuchefu, kama sukari iliyoungulia ndani ya mafuta ya taa. Nikajikuta nimefunga dirisha, nimeketi kitandani, natega sikio nisikie nyuzi zikikatika. Kabati halina nyuzi, najua. Lakini nilitega sikio.

Kilichochomwa kwetu kilikuwa gitaa, na mwenye gitaa alikuwa mjomba wangu Mulatya, kaka mkubwa wa mama. Kama wazazi wenu waliwahi kucheza katika harusi za upande wa Makueni au Kitui miaka ile, huenda walimtolea jasho bila kujua jina lake. Santuri alitoa moja tu maishani.

Alizaliwa karibu na Kathonzweni, akaacha shule mapema, akaenda Makindu kutafuta kazi relini. Treni zilikuwa bado za moshi, zikisimama pale kunywa maji kama ng'ombe waliotoka mbali, na kazi yake ilikuwa kufuta masizi na kupaka grisi. Gitaa lake la kwanza lilikuwa debe la mafuta lililopigiliwa ubao, na nyuzi zake zilikuwa waya za breki za baiskeli. La pili lilikuwa gitaa la kweli, la rangi ya asali iliyokolea, na hakuna aliyejua alilitoa wapi. Ukitaka watu wakutungie hadithi, rudi nyumbani na kitu kizuri usiseme umekitoa wapi.

Watu walisema ana jini. Walisema alimnunua Mombasa, akamsafirisha ndani ya lile tundu la gitaa kama mtu anavyosafirisha kuku, bila tiketi. Wengine walisema la, walikutana Makindu penyewe, kwenye tangi la maji ya treni, na jini akamwambia: mimi nitakupa vidole, wewe utanipa watoto. Si watoto wake, maana hakuwa nao. Watoto wa nyumba atakazozipigia gitaa. Walisema ukipita karibu na chumba alimolala utasikia gitaa likijipiga lenyewe ukutani. Hilo nililichunguza nikagundua ni mjusi, ambaye alikuwa na njia yake hapo kwenye nyuzi. Walisema pia kwamba huwapa watu mgongo akipiga, kwa sababu anampigia yule ambaye sisi hatumwoni.

La mgongo lilikuwa kweli. Mpiga gitaa mwingine akiingia katika sherehe, mjomba aligeuza kiti, akatazama ukuta, akaendelea. Nilimuuliza sababu.

"Mumbua," akaniambia, "wewe ukiwa na pipi, uone mtoto wa jirani anakuja, unafanya nini?"

Lilikuwa gitaa kavu, yaani lisilo na umeme, na alilipiga kwa vidole viwili tu. Kidole gumba kilitembea kwenye nyuzi nene, kizito, kwa mwendo uleule bila kupumzika, kama mwanamke anayetwanga mahindi ya muthokoi huku mawazo yake yakiwa kwingine. Kidole cha shahada kilikuwa juu, kwenye nyuzi nyembamba, kikijibu na kubishana. Akiimba mstari hakuumaliza. Maneno ya mwisho aliliachia gitaa liyaseme, na lilisema, hata mtoto aliyasikia. Shingoni mwa gitaa alifunga penseli kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili kupandisha sauti, na ule uzi mnene kuliko yote aliulegeza kupita wapigaji wengine, ukawa unanguruma chini kwa chini. Wageni walichungulia nyuma yake wakitafuta mpigaji wa pili. Nyimbo zenyewe zilikuwa za huzuni hata harusini: mvua iliyokataa, mke aliyeondoka, rafiki aliyepanda treni asirudi. Watu walizicheza mpaka vumbi likaingia kwenye chakula.

Akimaliza kupiga, kabla ya kulitundika, alilegeza nyuzi zote, moja baada ya nyingine. "Hii joto ya kwetu itavunja shingo yake," alisema. "Kwani ng'ombe wa jembe analala na nira?"

Na kulikuwa na ushahidi, au kitu ambacho watu walikiita hivyo. Kwenye ile santuri, kabla ya kuanza kuimba, mjomba anaongea kidogo, na Kathonzweni nzima ilimsikia akisema: nilifundishwa ni jini ya Makindu. Sisi Wakamba tukiongea Kiswahili, mtu hafundishwi "na" mwalimu, anafundishwa "ni" mwalimu, kwa hiyo hapo hakuna aliyeshangaa. Mtu alikuwa amekiri kwa kinywa chake, tena Nairobi, tena mbele ya mashine. Mlitaka nini zaidi?

Alifika kwetu mwaka ambao mvua ya Novemba ilinyesha ikatuchungulia tu ikaenda zake. Baba alikuwa kazini Mombasa, hurudi Krismasi. Mwenye boma alikuwa mama yake baba, tuliyemwita Susu kama nyanya wote wanavyoitwa kwetu. Mjomba aliingia na gitaa mgongoni, limefungwa kwa blanketi kama mtoto mgonjwa. Susu alikuwa akichambua ndengu kwenye ungo. Hakuinuka.

"Mulatya."

"Mama."

"Hiyo umebeba ni nini?"

"Gitaa, mama. Ni ile ile."

"Itakaa nje."

"Mama, jua itaivunja."

"Ikivunjika si itakuwa Mungu ametusaidia?"

Mjomba akacheka sana, peke yake. Mama ndiye aliyelichukua gitaa akaliweka ghalani, juu ya magunia, na Susu akamfuata kwa macho mpaka akatoka.

Lazima niwaambie kwa nini macho yale yaliniogopesha. Kati yangu na mdogo wangu Kyalo walikuwa wamezaliwa wengine wawili, na hawakukaa. Kyalo alikuwa na miezi michache, mnene, mwenye kucheka na kila mtu mpaka na mbuzi, na bado watu wa kwetu walimtaja kwa sauti ya chini, kama anayeweza kusikia jina lake akaondoka. Na harusini kwa mama, miaka ile, aliyepiga gitaa alikuwa mjomba Mulatya. Susu hakuwa mwanamke wa kukosa kujumlisha.

Nilimuuliza siku moja kama yeye mwenyewe amewahi kumwona huyo jini.

"Lisemwalo lipo," akasema.

"Na kama halipo?"

"Laja."

"Sasa Susu, si tunyamaze tu, lisije?"

Akanitupia gunzi la hindi. Alikuwa na shabaha nzuri kwa umri wake.

Jumapili moja Susu alikwenda kanisani, na ibada ya kwao ilikuwa ndefu. Mama alikuwa anapeta mtama, Kyalo amelala mgongoni ndani ya leso. Mjomba akalitoa gitaa ghalani, akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akaanza kukaza nyuzi. Kisha akasema, bila kumtazama, "Mwiitu wa mwaitu, chupa iko?" Ndivyo wanaume wetu wanavyowaita dada zao, binti wa mama yangu, lakini sikuwa nimewahi kusikia mtu akimwita mama yangu hivyo. Kwetu alikuwa Mama Mumbua, au "huyu".

Mama akaniagiza chupa ya soda na msumari. Nilidhani ni za mjomba. Mama akavichukua yeye.

Kumbe kabla ya kuolewa ndiye aliyekuwa mpiga chupa wake. Walikuwa wakizunguka wawili masoko yote, mpaka ng'ambo ya mto, Kitui, yeye akiwa msichana mwenye chupa na kaka yake mwenye gitaa, na siku alipoletwa kwetu chupa ikabaki kwao. Sasa akaigonga, ting', ting', katikati ya nyayo za kile kidole gumba, mahali ambapo sikujua kuna nafasi. Uso wake ukafunguka. Nilimwona mama yangu akiwa mtu ambaye ningependa kumfahamu. Kichwa cha Kyalo kilikuwa kikinesa mgongoni kufuata mapigo, amelala fofofo, mate yakimtoka.

Na hapo ndipo hofu iliponishika. Nilikitazama kile kichwa kidogo kikinesa, nikawaza: hii sasa ni nyumba inayopigiwa gitaa. Sikuamini habari za jini. Mimi ndiye niliyemgundua mjusi. Lakini mtu anaweza kukosa kuamini kitu na bado akakiogopa, na nililijua hilo kabla sijajua hesabu za kugawanya. Nilitaka kumwambia mama aache, nikaona uso wake nikashindwa.

Kesho yake Kyalo akachemka.

Mwanzoni ilikuwa homa ya kawaida, ile ya watoto, ya kupakwa maji ya baridi. Kisha akaanza kukataa ziwa. Mama akampeleka dispensari, kutwa nzima kwenda na kurudi kwa miguu, nesi akampa dawa ya maji iliyokuwa chungu kiasi kwamba Kyalo aliitapika ikanirukia mimi, na nikailamba mkononi kujua ina nini ndani. Nesi alisema tumpe na tungoje. Kungoja hakuna anayekufundisha. Nilikwenda shule nikarudi nikikimbia, nikisikiliza kutoka mbali kama kuna kilio nyumbani. Kila mtu aliyesimama njiani na mwingine nilidhani wanazungumza juu yetu. Siku ya tatu, mchana, Kyalo akakakamaa mwili wote, macho yakageuka meupe, mikono ikaanza kutetemeka. Degedege. Mama akamshika, hakupiga kelele. Aliyepiga kelele alikuwa Susu.

Ilipopita, Susu akafunga kitambaa kichwani, akatoka, akarudi na wanawake wawili wa kanisani kwao. Wakaketi uani. Mjomba akaitwa. Mama alikuwa ameketi mlangoni na mtoto mapajani, na mimi nyuma ya mlango.

"Mulatya, nakuuliza mara moja," Susu akasema. "Ulisema ama hukusema?"

"Nilisema nini, mama?"

"Kwa santuri. Ati ulifundishwa ni jini."

"Injini, mama! Nilisema injini. Gari ya moshi. Nilikuwa napaka grisi pale Makindu, nikasikia vile inaondoka stesheni, nikaiweka kwa kidole gumba. Ni hiyo tu." Akapiga paja lake: duku-duku, duku-duku, pole pole, kisha haraka.

Mmoja wa wale wanawake akaanza kutikisa kichwa kufuata, akajikumbuka, akakohoa.

"Injini," Susu akasema. "Na hii miaka yote watu wakisema jini, wewe ulikuwa unasema nini?"

Mjomba akainamia viatu vyake.

"Si nakuuliza?"

"Nilikuwa nacheka, mama."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanakuja wengi." Alisema kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Mtu wa injini ni fundi tu. Mtu wa jini, watu wanatoka mpaka Kitui, Kwa Vonza, kumwona."

"Basi umemlisha wewe mwenyewe," Susu akasema. "Umemlisha miaka yote hiyo. Leo amekuwa mkubwa anataka nyama, unatuambia hayuko."

Mwanamke wa pili, ambaye mpaka hapo alikuwa akiomba kwa kuchezesha midomo tu, akaongeza, "Na hata mtoto apone leo. Hiyo gitaa ikiwa kwa hii dunia, kesho akikohoa ni nini? Kesho kutwa akianguka?"

Susu akamgeukia mama. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mimi nimezika wajukuu wawili. Siziki wa tatu. Ama hii gitaa iishe, ama huyu afunge nguo zake arudi kwao na ndugu yake. Mtoto atabaki. Mwanangu atapata bibi ambaye hana ndugu wa jini."

Mama alikuwa akimtazama Kyalo, akimfunika miguu kwa leso. Mimi nilikuwa nawaza: atabaki na nani, na mimi je, nimo katika nguo zinazofungwa au katika vinavyobaki? Sikuthubutu kuuliza. Ndilo swali pekee la utoto wangu ambalo nililiacha kwa hiari.

Mjomba akaviangalia vidole vyake, mbele na nyuma. "Nipeni mpaka kesho," akasema.

Asubuhi mama akanituma chumvi. Chumvi ilikuwapo, niliiona kwenye mkebe. Nilitaka kwanza kumtazama Kyalo, aliyekuwa mgongoni kwake, amefunikwa mpaka utosini, lakini akaivuta leso. "Amelala. Enda."

Nilikwenda bila kubisha kwa sababu nilikuwa na safari yangu ndani ya safari yake. Duka lilikuwa la Mzee Athumani, ambaye babu yake alitoka pwani zamani akifuata biashara ya ngozi, na wao wakabaki. Aliongea Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mwalimu wetu, na alikuwa na gramafoni. Ile santuri ya mjomba iliyosikika Kathonzweni nzima, kila siku ya soko, kwa miaka yote ile, ilikuwa nakala hii moja tu, ya dukani kwake.

Nikamwomba anichezee mwanzo tu.

"Na wewe wataka kusikia jini?" akaniuliza. "Wajua watu husema ni mimi niliyemuuzia. Hebu nitazame, mwanangu. Ningekuwa na majini ya kuuza, ningekuwa hapa nauza viberiti?"

Akaiweka. Mikwaruzo, sauti ya mjomba akiwa kijana, akisalimu watu wa nyumbani. Kisha: nilifundishwa ni, sindano ikaruka, jini ya Makindu. Nikamwomba tena. Ikaruka tena. Mzee Athumani akaguna, akainamisha sikio, akaweka kidole pembeni mwa santuri ili izunguke pole pole, na sauti ya mjomba ikawa nzito kama ya dume la ng'ombe: ni... iiin... jiniii.

"Hapo," akasema. "Umesikia? Hapana jini hapo. Ni treni. Sindano huruka palepale kwenye mkwaruzo, ikaila ile 'in' ya mwanzo."

"Sasa mbona hukuwaambia watu?"

"Nani angeniamini mimi?" Akacheka kwa pua. "Na jini ni mtamu kuliko treni, binti yangu. Ukimwambia mtu treni, anakuuliza ya saa ngapi."

Nikalipia chumvi, nikatoka mbio. Niliacha chenji, nikaitwa, sikurudi. Nilikuwa na ukweli kifuani kama mtu aliyebeba maji kwa viganja, nakimbia usimwagike: nitamwambia Susu, Susu atakwenda dukani, atasikia mwenyewe, ataelewa. Nilikuwa na umri ambao mtu hudhani watu wakisikia wataelewa.

Harufu ilinipokea kabla sijafika kwenye ua wa miba.

Moto ulikuwa katikati ya uwanja, mkubwa, wa kuni kavu zilizopangwa vizuri. Wanawake walikuwa wengi kuliko jana. Mjomba alikuwa amesimama karibu kuliko wote, amevaa koti lake la harusini, na gitaa lilikuwa limelala juu ya moto, vanishi ikitoka malengelenge. Hakuwa amelegeza nyuzi. Niliona hilo kwanza, na likanishangaza kuliko moto wenyewe, maana alikuwa mtu wa kulegeza nyuzi hata akiwa amelewa. Zilikuwa zimekazwa, tena zaidi ya kawaida. Ule uzi mwembamba ukakatika kwa mlio mkali, mrefu. Wanawake wakarudi nyuma. Ukakatika wa pili, na wa tatu, na kila mmoja ulilia kwa sauti yake, na ule mnene ulipokatika ulinguruma mpaka Susu akapiga magoti na wengine wakaanza kukemea kwa jina la Yesu.

"Ni injini!" nilipiga kelele. "Mzee Athumani amesikia! Sindano inaruka! Ni injini!"

Hakuna aliyegeuka ila mjomba. Akachuchumaa mbele yangu. Nyusi zake zilikuwa na majivu.

"Najua, Mumbua. Si ni mimi nilisema?"

"Sasa kwa nini unachoma?"

Akafuta majivu nyusini kwa mkono wa koti.

"Umeleta chumvi?" akaniuliza.

Gitaa lilipokwisha, likabaki fremu nyeusi na vyuma vya kukazia nyuzi, mama akasogea mbele ya watu wote akamfungua Kyalo. Alikuwa amelowa jasho, macho yake maangavu. Akatazama moto, akatazama watu, akatafuta ziwa, akanyonya kwa kelele kama ndama. Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika mpaka barabarani. Susu alimkumbatia mama. Sijui kama alikuwa amewahi kumkumbatia kabla ya hapo. Mjomba alikunywa chai akiwa amesimama, akaaga, akaondoka mikono mitupu. Alikwenda Kitui, akakaa Kwa Vonza akitengeneza baiskeli. Nilisikia kwamba mara chache aliazima gitaa za vijana, na kwamba siku hizi, watu walisema, anapiga kama mtu wa kawaida tu.

Mambo ya nyumbani yalibadilika, siwezi kukataa. Kyalo alipopata surua mwaka uliofuata, Susu alikaa naye zamu kwa zamu na mama, na hakuna aliyemtazama mama kwa jicho lile. Jini alikuwa ameungua, watu walimsikia kwa masikio yao akilia. Surua ikawa surua tu. Hata wale wawili wa zamani hawakutajwa tena. Susu akaanza kumwita mama "mwiitu wakwa", binti yangu, na alipokuwa anakufa ni mkono wa mama aliouomba.

Mimi ndiye niliyebaki na hasira. Nilimwandama Susu miaka mingi.

"Susu, kitu kikifuata kingine si lazima kiwe kimeletwa nacho. Jogoo akiwika jua linatoka. Ni jogoo amelitoa?"

"Mtoto alipona ama hakupona?"

"Alipona, lakini..."

"Basi."

Chuoni nilijifunza jina la kosa hilo la kufikiri, na siku niliyolijua nilitamani Susu angekuwa hai nikamwambie. Lakini aliyenikera zaidi alikuwa mjomba. Susu aliamini, na anayeamini huwezi kumlaumu sana. Yeye alijua. Alikuwa na ukweli, na ukweli ulikuwa wake, wa kinywa chake, akautupa motoni akatoka zake na koti la harusini. Alikuwa amesimama mbele ya watu, na kwa ule moto akaungama jini ambaye hakuwapo. Katika mabishano yangu yote na dunia, na nimebishana nayo sana, yeye ndiye aliyekuwa mfano wangu wa mtu aliyesalimu amri.

Tulimzika mwaka jana. Vijana wenye magitaa ya umeme walikuja, kila mmoja akidai alifundishwa naye. Mmoja, ambaye kwa umri wake hakuwa hata amezaliwa siku ya moto, alisimama akaeleza jinsi jini alivyotoka ndani ya gitaa akiwa na umbo la moshi mwekundu, akakimbilia upande wa reli. Watu walitikisa vichwa. Niliinuka kumsahihisha, mama akanivuta sketi nikaketi.

"Waache," akasema.

Jioni, waombolezaji wakiwa wamepungua, tulikuwa mimi na yeye tunasugua masufuria kwa majivu. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo moyoni: kwamba kaka yake alijua, na alikubali kuitwa mtu wa jini hadi kaburini, na kwamba kama angengoja siku moja tu, mtoto angepona kwa dawa ya dispensari na gitaa lingekuwapo, na Susu angekosa la kusema. Nilisema siku moja tu. Nilisema alikosa subira.

Mama alimaliza kwanza sufuria aliyokuwa nayo. Kisha akaniambia, bila kuinua macho, kwamba siku ile homa ya Kyalo ilishuka kabla jua halijatoka. Alitokwa jasho jingi, akalala usingizi wa kweli. Mtu wa kwanza aliyemwambia alikuwa kaka yake, huko ghalani. Mjomba aliingiza mkono ndani ya leso, akamgusa mtoto shingoni. Halafu akamwambia amfunike vizuri, asimwonyeshe mtu, Susu wala mimi, mpaka gitaa liungue lote.